UZI: Liverpool bila tiketi ya mpira – pa kupanda, pa kutembea na pa kula

Nahodha_Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ligi ikikaribia kuanza napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nakuja Uingereza, nipeleke Anfield." Sawa, huo uwanja wa Liverpool tutafika. Lakini mtu katoka Dar au Nairobi, kahangaika na viza, kalipa nauli ya ndege, anafika Liverpool anapiga picha mbele ya sanamu ya Shankly, kocha wao wa zamani, ananunua skafu, saa kumi jioni yuko kwenye treni ya kurudi London. Mji kauona saa ngapi?

Msimamo wangu ni huu: Liverpool ni mji wa mto kabla hujaja mpira, na vingi vya maana pale huingii kwa kulipa. Anzia mtoni.

Treni ya kutoka Euston, stesheni ya London, inakushusha Lime Street kwa saa mbili na kidogo. Usiingie teksi. Shuka kwa miguu, ni mteremko, dakika ishirini hivi hata kwa mtembeaji mvivu, unatokea Pier Head. Pale kuna majengo matatu yamesimama bega kwa bega yakiutazama mto Mersey: lile la mamlaka ya bandari la 1907, Royal Liver la 1911 na Cunard la 1917. Macho yataenda yenyewe kwenye Royal Liver, kwa sababu ya wale ndege wawili wa shaba juu ya minara. Ukiwa chini unaona vidude vidogo tu, kumbe kila mmoja ana mita tano na nusu, na saa iliyo chini yao ina uso mpana kuliko ile ya Big Ben. Wenyeji wanasema ndege hao siku wakiruka, mji umekwisha. Mmoja katazama mtoni, mwingine katazama mjini. Wazee wa bandari wana maelezo yao: wa kike anaangalia kama meli zinarudi salama, wa kiume anaangalia kama baa zimefunguliwa.

Aliyewabuni ni Mjerumani, Carl Bernard Bartels, alishinda shindano. Vita ya 1914 ilipoanza wakamtia kizuizini kisiwa cha Man, na baada ya vita wakampeleka Ujerumani. Ndege wake wakabakishwa.

Ukishatosheka na ndege, panda pantoni. Watawa wa Birkenhead, ng'ambo ya mto, walikuwa wakivusha watu hapo tangu karne ya 12, na pantoni zipo mpaka leo. Asubuhi na jioni zinabeba watu wa kazini, mchana zinafanya mzunguko wa dakika hamsini huku kipaza sauti kikikueleza unachokiona. Usijifungie ndani na kikombe cha kahawa, nenda sitaha ya juu. Upepo utakuchapa, na ndiyo raha yenyewe, maana ule mji ulijengwa ili uonekane na mtu anayekuja kwa meli.

Ukishuka, fuata ukingo wa mto kuelekea kusini. Utapita Makumbusho ya Liverpool (yamefunguliwa 2011, bure), kisha unaingia Albert Dock. Haya ni mabohari ya 1846, kazi ya mhandisi Jesse Hartley. Wakati ule bohari za bandarini zilikuwa zikiungua kila mara, pamba na pombe ndani, mbao juu. Hartley akaamua: matofali, mawe na chuma, mbao marufuku kwenye nguzo na sakafu. Nenda kaguse zile nguzo nene za chuma zilizopakwa rangi nyekundu upande wa maji, halafu inama uone jinsi jengo lote linavyozikalia. Mwaka 1972 gati likafungwa, likajaa tope, watu wakataka kulivunja. Leo ni mikahawa, maduka na makumbusho.

Jioni panda mlima kwenda Hope Street. Huko nitarudi baadaye, ngoja kwanza nisikie wenye maswali.

Kopite_wa_Mbagala

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwenye Anfield umetukosea adabu. Pale ni kama hija. Halafu sisi Watanzania tuna sababu ya ziada: Novemba 2019 Samatta kawafunga pale pale kwa kichwa, akiwa Genk. Genk walipigwa 2-1 lakini goli letu lipo kwenye kumbukumbu.

Jirani_wa_Likoni

Ndugu, usisahau Wanyama. Februari 2018, Spurs, mpira umetemwa nje ya boksi, akaupiga bila hata kuusimamisha. Mechi ikaisha 2-2. Kichwa cha Samatta ni kizuri lakini hebu tuheshimiane.

Kopite_wa_Mbagala

Wanyama alikuwa anafunga mechi ya ligi, Samatta Ligi ya Mabingwa dhidi ya bingwa mtetezi. Tusilinganishe.

Nahodha_Mstaafu

Mnaona sasa? Uzi wa matembezi ushageuka kijiwe cha mpira.

Haya, kuhusu Anfield: ziara ya uwanja ni ya kulipia, unaingizwa vyumba vya kubadilishia nguo, unapita kwenye lile korido, unatokea ukingoni mwa nyasi. Weka nafasi mapema mtandaoni. Siku za mechi utaratibu hubadilika, angalia kalenda kabla hujanunua tiketi ya treni. Na ukimaliza, vuka Stanley Park kwa miguu hadi Goodison Park, uwanja wa zamani wa Everton. Viwanja viwili vikubwa vinatenganishwa na bustani ya kupumzikia wazee! Everton ya wanaume ilihama 2025, Goodison sasa wanacheza wanawake wao.

Mama_Wawili

Kaka Nahodha, mimi nakuja Agosti na watoto, wa miaka sita na tisa. Majengo hawataki, mpira hawajui. Na bajeti yangu ni ya mwalimu.

Nahodha_Mstaafu

Dada, mji huo ulijengewa wewe. Ukitoka Lime Street kuna mtaa unaitwa William Brown Street, uko jirani kabisa na stesheni. Pale pamepangwa makumbusho ya World Museum, jumba la sanaa la Walker, na maktaba kuu, yote bure. World Museum ina samaki hai, ina wadudu, ina mafuvu ya dinosa, ina vitu vya Misri ya kale. Nusu siku inakwisha. Ukumbi wa nyota unaweza kudaiwa senti kidogo.

Kabla hujaondoka waingize maktaba, hata kama hawapendi vitabu. Kuna chumba cha duara cha 1879 kinaitwa Picton, vitabu vimepangwa kuzunguka ukuta mpaka juu, na ukinong'ona sauti inatembea. Juu ya paa la maktaba kuna baraza la wazi, unaona mji mzima bila kulipa lifti ya mtu.

Siku ya pili chukua treni ya Merseyrail kwenda New Brighton. Inapita chini ya mto, watoto watafurahi kujua hilo. Kuna ufukwe, kuna mnara wa taa, kuna ngome ndogo ya mawe ya miaka ya 1820 iliyojengwa kulinda mdomo wa mto. Beba chakula chako, na kikamate vizuri kwa sababu shakwe wa kule hawana aibu. Nimeona mtoto kaporwa chipsi mkononi, ndege akatua pale pale kula mbele yake.

Ibn_Sur

Assalaam alaykum. Niko Maskat, mwanangu kapata chuo Liverpool. Swala na chakula cha halali vikoje? Na kuna lolote la kumwonesha mzee mwenye miaka sabini asiyeweza kupanda ngazi?

Binti_Kisiwani

Waalaykum salaam baba. Mimi nimesoma kule. Halali haina shida. Bold Street, katikati ya mji, ina mikahawa ya Kilebanoni na ya kila taifa, na ukienda Lodge Lane upande wa Toxteth utakuta Wayemeni na Wasomali, wali na mbuzi unaoujua. Msikiti wa Al-Rahma uko huko huko, Hatherley Street.

Lakini usimwache mzee bila kumpeleka Brougham Terrace. Ni nyumba nyeupe tu ya mjini, ukipita na gari hutaiona. Mwanasheria wa pale Liverpool, William Quilliam, alisafiri Moroko 1887, akarudi Mwislamu na jina la Abdullah. Mwaka 1889, siku ya Krismasi, akafungua msikiti katika nyumba hiyo, wa kwanza kufanya kazi Uingereza. Sultani Abdulhamid wa Uturuki akamfanya Sheikh-ul-Islam wa visiwa vya Uingereza. Alipoondoka 1908 jamaa ikasambaratika, nyumba ikachukuliwa na serikali ya mji ikawa ofisi ya kuandikishia vizazi, vifo na ndoa. Watu wakaoana humo miaka na miaka bila kujua wanasimama wapi. Swala ilirudi 2014. Wasiliana nao kabla ya kwenda, huwa wanapokea wageni.

Kwa magoti ya mzee: pantoni, Albert Dock na Makumbusho ya Liverpool vyote ni tambarare. Hope Street ndiyo mlima.

Ibn_Sur

Mungu akubariki binti. Nikuongezee na mimi la kwetu: Liverpool walikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2004, wakafutwa 2021 kwa sababu ya ujenzi wa bandarini. Ni mahali pa tatu tu duniani kufutwa. Pa kwanza ilikuwa hifadhi yetu ya choroa hapa Oman, 2007. Kwa hiyo tunajuana kwa msiba.

Toffee_Mpweke

Huo ujenzi mnaousema ni pamoja na uwanja wetu mpya wa Everton, Bramley-Moore. Nitaongea kama shabiki: nendeni muuone. Wameuweka juu ya gati la zamani la Hartley yule yule, ukuta wa mawe wa bandari umeachwa, matofali yanafanana na bohari za jirani. UNESCO walikuwa na haki yao, lakini eneo lile lilikuwa maji machafu na uzio wa kutu. Njiani utapita bohari ya tumbaku ya Stanley Dock, ya 1901, matofali kama milioni 27. Ukisimama chini yake shingo inauma.

Nahodha_Mstaafu

Kwa hili mimi niko nusu kwa nusu. Uwanja ni mzuri, sikatai. Ila majengo ya kioo meusi waliyoyapanda karibu na Pier Head hayana utetezi. Twende.

Mchungu_wa_Pwani

Mkuu swali. Kuna makumbusho ya utumwa hapo Albert Dock. Watu wote wananiambia lazima niende. Mimi nauliza kwa nini mtu mweusi alipe ndege akalie Ulaya?

Nahodha_Mstaafu

Kwanza taarifa: Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa yalifunguliwa Agosti 2007, na mwanzoni mwa 2025 yakafungwa pamoja na ya Mabaharia walio jengo moja, kwa ukarabati mkubwa wa miaka kadhaa. Angalia tovuti yao kabla ya safari. Tate ya Liverpool, jumba la sanaa, nayo ilifungwa 2023 kwa ukarabati. Kwa hiyo kwa sasa swali lako limejijibu nusu.

Nusu nyingine: hata makumbusho yakiwa yamefungwa, mji wenyewe uko wazi. Meli ya kwanza ya Liverpool inayojulikana kubeba watumwa iliondoka 1699. Mpaka biashara ilipopigwa marufuku 1807, meli za mji huu zilikuwa zimevusha Waafrika kama milioni moja na nusu. Hawa si wa pwani yetu, ni wa Afrika Magharibi wakipelekwa Karibi na Marekani. Lakini pesa ile ndiyo ilijenga mitaa unayoitembea.

Nenda Water Street, jengo lililokuwa benki ya Martins, la 1932. Simama mlangoni, tazama ukuta wa pembeni. Kuna mchongo wa mawe: mzee mwenye ndevu anayesimamia Liverpool kama mungu wa bahari, na kila upande wake mtoto wa Kiafrika, nusu uchi, kabeba mfuko wa pesa. Waliuchonga zaidi ya miaka 100 baada ya biashara kupigwa marufuku, na wakaona ni pambo. Wafanyakazi wanapita hapo na sandwichi zao kila mchana. Kisha panda hatua chache hadi Town Hall, inua macho kwenye ule mkanda wa michongo unaozunguka jengo: vichwa vya Waafrika, tembo, mamba, simba. Bidhaa zimepangwa ukutani.

Binti_Kisiwani

Nakubaliana naye Mchungu kidogo: ukienda kulia utalia, na hakuna anayekulazimisha. Ila mimi nilifaidi matembezi ya kuongozwa na mtu mweusi mzaliwa wa pale. Watu weusi wa Liverpool ni miongoni mwa jamaa za weusi kongwe kabisa Ulaya, familia zina vizazi na vizazi. Anakuonesha jina la mtaa, anakuambia mwenye jina alikuwa na hisa kwenye meli gani. Baadaye mnaenda Granby, mtaa ambao serikali ya mji iliuacha uoze, wanawake wa pale wakaupanda maua wenyewe mpaka nyumba zikakarabatiwa, na 2015 mradi ule ukapewa tuzo ya sanaa ya Turner. Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuna soko barabarani. Ule mwisho ndio ulinitoa machozi, si ule mwanzo.

Mchungu_wa_Pwani

Hapo mmenipata. Hasa yule mzee wa ndevu. Nitakwenda kumtazama usoni.

Mzee_wa_Santuri

Vijana, mmeandika kurasa nzima hamjataja Beatles hata mara moja. Mnatuaibisha sisi wa rika letu.

Nahodha_Mstaafu

Shikamoo mzee. Nilikuwa nakusubiri wewe.

Mathew Street, klabu ya Cavern. Walipiga pale mara 292 kati ya 1961 na 1963. Ila ujue unaloingia: pango la asili lilifungwa 1973 ili wachimbe shimo la hewa la reli ya chini ya ardhi, shimo lenyewe halikujengwa kamwe. Iliyopo ilijengwa upya 1984, sehemu yake kwenye eneo lile lile, kwa baadhi ya matofali ya zamani. Mchana ni nafuu kuliko usiku, na kuna mtu na gitaa wakati wote. Mtaa wenyewe usiku wa Jumamosi ni walevi na mabibi harusi watarajiwa wenye mataji ya plastiki, sikushauri.

Ukitaka kitu cha kweli, panda basi hadi Strawberry Field, lile geti jekundu. Kilikuwa kituo cha watoto cha Salvation Army, tangu 2019 wamefungua bustani na mkahawa, na kazi yao ni kufundisha vijana wenye ulemavu wa kujifunza wapate ajira. Nyumba za utotoni za Lennon na McCartney ziko mikononi mwa National Trust, shirika la kutunza majengo ya kihistoria, unaingia kwa kundi dogo tu, kwa nafasi.

Mzee_wa_Santuri

Marahaba. Na Hope Street uliyoiahidi?

Nahodha_Mstaafu

Ahadi ni deni. Huku mwisho kuna kanisa kuu la Kianglikana, kule mwisho kanisa kuu la Kikatoliki, na mtaa unaoziunganisha unaitwa Tumaini, hilo ni jina la mfanyabiashara tu msitafute maana.

La Kianglikana lilianza 1904, likakamilika 1978. Msanifu, Giles Gilbert Scott, alishinda shindano ana miaka 22, tena ni Mkatoliki. Ndiye huyo huyo aliyebuni vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza. Alikufa 1960 kanisa bado linajengwa. Kwa nje urefu wake ni mita 189 za mawe mekundu, na ukubwa wake hauingii kwenye simu, msijisumbue na picha. Kuingia bure. Kupanda mnara unalipa: lifti mbili, kisha ngazi 108, kisha upepo. Siku ya mawingu mepesi unaiona milima ya Wales.

Wakatoliki nao walitaka kubwa zaidi. Wakamwajiri msanifu Lutyens, wakajenga basimenti yake yote, pesa zikakata. Juu ya basimenti hiyo, Frederick Gibberd akajenga duara la zege kwa miaka mitano tu, likafunguliwa 1967. Kwa nje watu hulitania kwamba ni hema. Ingia saa nane mchana, jua likiwa limepita kwenye vioo vya juu, sakafu inakuwa ya buluu na nyekundu, na watu wananyamaza wenyewe.

Katikati ya makanisa kuna baa ya Philharmonic. Hata usiyekunywa, agiza soda uangalie dari. Wanaume wanapiga picha chooni, sitanii, mikojoleo ni ya marumaru ya waridi na inalindwa kisheria kama sehemu ya jengo.

Mvuvi_wa_Tanga

Nahodha, nimesikia kuna ufukwe una sanamu za watu wa chuma zinafunikwa na maji. Hiyo ndiyo naitaka. Mengine nitaangalia picha.

Nahodha_Mstaafu

Crosby, mkuu. Ndipo ninapopapenda kuliko pote, nilikuwa napaficha.

Ni kazi ya mchongaji Antony Gormley. Watu 100 wa chuma, wote wamefinyangwa kutokana na mwili wake mwenyewe, wametawanywa ufukweni kwa karibu kilomita tatu, wote wanatazama bahari. Vilikuwa Ujerumani, Norwe na Ubelgiji kabla ya kuletwa hapo 2005. Vilikuja kwa muda, wenyeji wakagoma visiondoke. Walio karibu na nchi kavu wana kutu safi ya kahawia. Walio mbali wana chaza na mwani mpaka kifuani, wengine wamezama mchangani hadi magotini, na kila Krismasi kuna mwenda wazimu anawavalisha kofia. Nyuma yao meli za makontena zinaingia bandarini, hivyo unaona mtu wa chuma na meli ya chuma vimetazamana.

Chukua Merseyrail ya kaskazini, shuka Hall Road au Blundellsands & Crosby, tembea dakika kumi. Hakuna kiingilio.

Mvuvi_wa_Tanga

Maji yakoje? Kupwa kwake ni kwa mbali?

Nahodha_Mstaafu

Wewe utanielewa vizuri kuliko wengine humu. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa pale Mersey inafika mita kumi. Ufukwe ni bapa, kwa hiyo yakianza kujaa hayaji kwa mawimbi, yanakuzunguka kupitia vijito nyuma yako. Na ukivuka sanamu za mbali unaingia kwenye tope laini linalomeza mguu. Waokoaji huitwa kila mara kwa ajili ya wageni waliotaka kupiga picha na yule wa mwisho.

Angalia jedwali la maji la Liverpool, fika kama saa mbili kabla ya kupwa kabisa, ukae na walio karibu, na maji yakigeuka na wewe geuka. Vaa buti, si raba nyeupe.

Kopite_wa_Mbagala

Mkuu, Anfield asubuhi na Crosby jioni inawezekana siku moja?

Nahodha_Mstaafu

Inawezekana kama maji yanapwa jioni. Kama yanapwa asubuhi, Crosby kwanza, Anfield baadaye. Wewe panga uwanja ufuate maji.

Kopite_wa_Mbagala

Nimeangalia. Tarehe zangu yanapwa saa tisa alasiri. Mungu ni wa Liverpool.

Toffee_Mpweke

Maji hayo hayo yanapita Bramley-Moore, usijisahau.